Lenzi ya Kwanza ya Kamera ya Renjifainda

Anayepiga picha kwa kamera ya renjifainda haoni kupitia lenzi. Huchungulia kwenye kidirisha kilicho juu ya kamera, pembeni, na katikati ya kidirisha hicho kuna kiraka kidogo ambamo kitu kimoja huonekana mara mbili. Pete ya lenzi ikizungushwa, taswira hizo mbili husogeleana. Zikilaliana na kuwa moja, kitu kimelengwa. Kamera za SLR hazifanyi hivyo. Kioo cha ndani humwonyesha mpigapicha kile kile kinachopita kwenye lenzi, hivyo lenzi ikibadilishwa, mandhari yote ya kidirishani hubadilika. Kwenye renjifainda mandhari hubaki yale yale, ila mistari myeupe ya fremu ndiyo inayoonyesha picha itaishia wapi.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuulizia bei ya lenzi yoyote, ni lazima kwanza kujua kamera yenyewe ina mistari gani. Leica M3, iliyotoka mwaka 1954, huonyesha vitu kwa ukubwa wa 0.91, karibu sawa na vinavyoonekana kwa macho matupu, na mistari yake ni ya milimita 50, 90 na 135 tu. Anayetaka kutumia lenzi ya milimita 35 kwenye kamera hiyo hulazimika kupachika kidirisha cha ziada juu yake, au kutafuta lenzi za 35 zilizotengenezwa zikiwa na miwani yake, kifaa kinachokaa mbele ya madirisha ya kamera na kupanua kinachoonekana. Leica M2 iliyofuata ilipunguza ukubwa huo hadi 0.72 ili mistari ya 35 ipate nafasi pamoja na ya 50 na 90. M6 ya mwaka 1984 ina mistari ya lenzi sita, inayojitokeza miwili miwili: 28 na 90, 35 na 135, 50 na 75. Bessa R3A, iliyotengenezwa Japani na Cosina kwa jina la Voigtländer, huonyesha vitu kwa ukubwa wake halisi, kiasi kwamba mtu anaweza kupiga picha akiwa amefumbua macho yote mawili, lakini mistari yake huanzia 40. Lenzi nzuri isiyo na mistari yake kidirishani ni usumbufu wa kila siku.

Kwa wengi uchaguzi huishia kwenye 35 au 50. Hamsini ndiyo ya kale zaidi. Leica ya kwanza kuuzwa, mwaka 1925, ilikuja na lenzi ya milimita 50 yenye tundu la mwanga la f/3.5 iliyobuniwa na Max Berek, na haikuwezekana kuibadilisha. Mpigapicha Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa urefu huo wa fokasi. Lenzi ya 50 huona pembe ya nyuzi 47 hivi, ile ya 35 nyuzi 63. Tofauti hiyo huonekana vizuri zaidi kwa hatua za miguu. Mtu mzima aliyesimama huenea kwenye picha ya wima akiwa umbali wa mita 2.5 hivi mbele ya lenzi ya 50. Kwa lenzi ya 35 mpigapicha husogea hadi mita 1.8, karibu kabisa na masafa ya mazungumzo. Wapo wanaopenda kuwa karibu hivyo na wapo wasioweza. Hilo ni suala la tabia ya mtu, na hakuna jedwali la vipimo litakaloliamua.

Jambo jingine linaloipa 35 nafasi ya kipekee kwenye renjifainda ni upigaji picha bila kulenga kila mara. Karibu kila lenzi ya aina hii imechongwa alama zinazoonyesha, kwa kila tundu, ni eneo gani mbele na nyuma ya kitu kilicholengwa litakalotoka wazi. Lenzi ya 35 iliyowekwa f/8 na kulengwa mita 3 huonyesha wazi kila kitu kuanzia mita 1.9 hadi mita 7 hivi. Mpigapicha wa mitaani hahitaji kugusa tena pete. Huinua kamera, hupanga picha, hubonyeza. Kwa lenzi ya 50 iliyowekwa vivyo hivyo, eneo hilo hupungua hadi kati ya mita 2.3 na mita 4.2, na hapo kubahatisha kunaanza kuwa ghali. Zaidi ya hayo, kidirisha cha 0.72 huonyesha nafasi nje ya mistari ya 35, hivyo mtu anayekaribia kuingia kwenye picha huonekana kabla hajafika. Mistari ya 28 kwenye kidirisha hicho hufika karibu na ukingo kabisa, na anayevaa miwani hulazimika kuhamisha jicho huku na huku ili kuiona yote.

Kuhusu ukubwa wa tundu, matangazo na wauzaji huvutia upande mmoja tu. Ni kweli kwamba f/1.4 hupitisha mwanga mara mbili ya f/2. Lakini lenzi hiyo ni nzito zaidi, bei yake hupanda sana, na kwa kuwa kidirisha kiko juu ya lenzi, pipa lake nene huziba kona ya chini ya kile kinachoonekana. Kisha kuna suala la kulenga. Lenzi ya 50 iliyofunguliwa f/1.4 na kulengwa mita 1 huacha eneo lililo wazi lenye kina cha sentimita 3 tu. Renjifainda iliyopotoka kidogo, jambo la kawaida kwa kamera ya miaka 60, hupeleka ukali wa picha kwenye masikio badala ya macho. Tundu la f/2, hata f/2.8, humsamehe anayeanza, na filamu ya ISO 400 hufidia mwanga uliopungua. Fedha iliyookolewa hapo hununua filamu nyingi.

Lenzi huingia kwenye kamera kwa njia mbili kuu. Leica za awali, pamoja na FED na Zorki za Umoja wa Kisovieti na kamera nyingi za Canon, hutumia skrubu ya milimita 39. Kuanzia M3, Leica za mfululizo wa M hutumia mdomo wa M, ambamo lenzi huzungushwa kidogo tu na kujifunga. Lenzi ya skrubu huvalishwa kwenye kamera ya M kwa pete nyembamba ya milimita 1, na pete hiyo lazima ilingane na urefu wa fokasi wa lenzi, la sivyo mistari itakayojitokeza kidirishani si yake. Lenzi ya M haiwezi kufungwa kwenye kamera ya skrubu. Contax za zamani na Nikon za mfululizo wa S zina midomo yake yenyewe. Faida ya skrubu ni bei: Jupiter-8 ya Kisovieti, 50 f/2, ni lenzi ya kujifunzia isiyoumiza mfuko, ingawa nyingi za skrubu hazilengi karibu zaidi ya mita 1, wakati za M hufika mita 0.7. Anayetaka lenzi ya kisasa zaidi ana Color-Skopar ya Voigtländer, 35 f/2.5, au Planar ya Zeiss, 50 f/2, kabla ya kufikiria Summicron za Leica zenyewe.

Lenzi ya mitumba hukaguliwa kwa tochi. Mwanga ukipitishwa kutoka nyuma huku tundu likiwa wazi kabisa, vumbi kidogo si hoja, na mchubuko mdogo kwenye kioo cha mbele hauathiri picha sana. Utando mweupe wa ukungu ndani ni hoja, kwa kuwa hufifisha weusi na weupe wa picha. Kuvu ni mbaya zaidi. Huonekana kama nyuzi za buibui, na ikikaa muda mrefu hula rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo. Kwenye unyevu wa Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar, lenzi iliyofungiwa ndani ya mfuko wa ngozi huwa shamba la kuvu. Lenzi huhifadhiwa kwenye chombo kisichopitisha hewa chenye vipakiti vya kunyonya unyevu. Baada ya tochi huja kipimo cha kamera: pete ikiwa kwenye alama ya mbali kabisa, mnara wa simu ulio mbali au mwezi lazima uonekane mmoja katika kiraka cha kidirisha.

Kwenye kamera za dijitali, Leica M8 ya mwaka 2006 ina kihisi kidogo, hivyo 35 hufanya kazi kama 47. M9 ya 2009 ilirudisha ukubwa kamili wa filamu.

Kwa mwenye kidirisha cha 0.72, basi, 35 yenye tundu la kati ya f/2 na f/2.8 ndiyo ya kuanzia. Mwenye M3 achukue 50 f/2 bila kusita. Lenzi ya 90 inaweza kusubiri mwaka mmoja au miwili. Ile ya 135, ambayo mistari yake kwenye kidirisha cha 0.72 ni kimraba kidogo katikati na kulenga kwake ni kwa shida, si lenzi ya kwanza ya mtu yeyote.