Ufupi na Ajabu katika Ngano za Mazimwi za Nyeri

Ngano za mazimwi za Wagikuyu wa Nyeri na miji ya jirani chini ya Mlima Kenya ni fupi mno, tena hazielezi ajabu zilizomo. Hata hivyo huvuta hadhira kwa nguvu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mvuto huo unatokana na uchache huo wa maelezo.

Mfano ulio mashuhuri ni ngano ya mke wa mhunzi. Mume yuko mbali akifua vyuma. Mke amejifungua, na anayemtunza ni zimwi. Zimwi hupika, humwonyesha mzazi chakula, kisha hukila lenyewe. Mzazi humpa njiwa mbegu za mbono. Njiwa huenda kumwimbia mhunzi, naye hurudi akaliua zimwi. Msimulizi hasemi zimwi lilitoka wapi, wala njiwa alijuaje njia.

Lugha yenyewe husaidia. Zimwi kwa Kigikuyu ni *irimu*, wingi *marimu*, katika ngeli ile ile ya zimwi na mazimwi. Matukio hufuatana kwa kiambishi *-ki-*, kinachofanya kazi kama *-ka-* ya Kiswahili: likapika, likamwonyesha, likala. Kuteka maji na kula mtu husimuliwa kwa umbo moja la kitenzi. Ajabu haina sarufi yake. Kwa hiyo msikilizaji huikuta ndani ya mambo ya kila siku, na hofu huijaza mwenyewe.

Ngano za Wagikuyu zilianza kuandikwa mapema. Routledge na mkewe, waliokaa Nyeri, walitia baadhi katika kitabu chao cha 1910, na kitabu cha Padri Cagnolo wa misheni ya Consolata kilipigwa chapa huko huko Nyeri mwaka 1933. Ngugi wa Thiong'o naye, katika *Caitaani Mutharaba-ini* (1980), alikitwika kisa kifupi cha mkulima abebaye zimwi mgongoni maana nzito ya kisiasa.

Hatari iko katika kufasiri. Mfasiri anayeongeza sababu, au anayebandika funzo mwishoni, huwa amempokonya msikilizaji kazi yake. Zimwi lililoelezwa sana halitishi tena. Hubaki mnyama tu. Yafaa basi wakusanyaji na wafasiri wauhifadhi ukimya wa msimulizi kwa uangalifu ule ule wanaoyahifadhia maneno yake.