Istilahi ya Tabaka Mseto juu ya Dhahabu

Mwaka 1983 Nuzzo na Allara walionyesha kuwa molekuli zenye salfa hujipanga juu ya dhahabu, unene wa molekuli moja. Kwa tabaka la aina mbili, dhahabu safi hutumbukizwa kwa saa nyingi katika ethanoli iliyoyeyushiwa molekuli mbili za jamii hiyo, yaani thioli. Tabaka hilo laweza kuitwa "tabaka mseto lijipangalo". Kiambishi -ji- kisidondoshwe, kwani hakuna azipangaye. "Mseto" nao una hatari yake: mwanafunzi wa Nyeri au Karatina atakumbuka githeri, ambamo mahindi na maharagwe hupakuliwa kwa kadiri yalivyotiwa chunguni. Juu ya dhahabu sivyo. Thioli ya mnyororo mrefu aghalabu huzidi sehemu yake ya awali. Ufafanuzi wa istilahi hauna budi kutenga uwiano wa mmumunyo na uwiano wa tabaka.