Mfupa Haumwangushi Mtu

“Daktari, nimeanguka tena. Hizi ARV zimenimaliza mifupa. Ninywe kalsiamu gani?” Wazee wanaoishi na VVU wameniuliza hivyo mara nyingi mno, na jibu langu ni lile lile: mfupa haumwangushi mtu. Mfupa dhaifu huamua tu utaumia kiasi gani ukishafika chini.

Ni kweli tenofovir, mojawapo ya ARV, hupunguza kiasi uimara wa mifupa. Lakini supu ya kongoro haiurudishi. Kalsiamu ya mfupa haiyeyuki kirahisi kwenye maji hata uchemshe usiku kucha. Unachokunywa ni mafuta na ute. Kibaya zaidi ni unga na vidonge vya kalsiamu vinavyonadiwa kwenye mabasi. Ukivimeza pamoja na dolutegravir, ARV nyingine, tumbo likiwa tupu, kalsiamu huishika dawa ile tumboni isiingie vizuri kwenye damu. Mzee anaondoka stendi akidhani amenunua mifupa, kumbe amevipa virusi nafasi ya kuamka. Ameagiziwa kalsiamu na daktari? Ameze vyote pamoja na chakula, au dolutegravir itangulie kwa saa 2, au ifuate baada ya saa 6.

Sasa tazama miguu yenyewe. Mzee anatembea, kandambili linamvuka, anapiga hatua kadhaa bila kujua kwamba yuko peku. Hiyo ni ganzi: mishipa ya fahamu imeharibika, mguu haumwambii tena ardhi iko wapi. Mwangaza wa mchana humsaidia kuona pa kukanyaga. Usiku akienda chooni, anaanguka. VVU vyenyewe huleta ganzi hiyo, kisukari na pombe vivyo hivyo. Wengi walioanza dawa zamani walipewa stavudini, ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe mwaka 2009 kwa sababu ya madhara kama hayo. Dawa iliachwa, ganzi ikabaki. Hakuna kopo la kalsiamu litakaloiondoa.

Na wanaoacha ARV ili “kupumzisha mifupa” nawaambia waziwazi: mnajiua. Utafiti mkubwa wa SMART, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa kuzisitisha huongeza magonjwa na vifo.

Fanya haya. Njoo kliniki na dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, za presha, za usingizi na za kienyeji. Omba presha ipimwe umelala, kisha umesimama. Pimwa sukari na macho. Ukiamka, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Vaa viatu vyenye mkanda wa nyuma. Weka tochi karibu na mto, na chombo cha haja ndogo ikiwa choo kiko nje. Kila siku simama na kukaa kwenye kiti mara kadhaa bila kushika mikono yake, mtu akiwa jirani. Tenofovir ikihitaji kubadilishwa, atabadilisha daktari.

Na ukianguka, hata usipochubuka, sema siku hiyo hiyo. Usingoje nyonga ivunjike ndipo tuanze kutafuta sababu.