Kabalagala: Mtaa wa Njia Panda

Msafiri atokaye katikati ya jiji la Kampala kuelekea Ggaba, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, hupita kwanza Nsambya, penye makazi ya askari polisi, kisha hufika njia panda ya Kabalagala. Karibu nayo kimeinuka kilima cha Muyenga, ambacho kileleni mwake yamejengwa matangi ya maji ya jiji.

Jina lenyewe akina mama wanalijua jikoni. Kabalagala ni andazi la ndizi: ndizi ndogo tamu zilizoiva sana hupondwa, zikakandwa kwa unga wa muhogo bila tone la maji, donge likasukumwa, likakatwa kwa mdomo wa bilauri na kukaangwa.

Miongoni mwa wageni wa mwanzo walioacha alama ya kudumu jirani na hapo ni mapadre wa Mill Hill. Walifika mwaka 1895, na Kabaka Mwanga akawapa kilima cha Nsambya. Mwaka 1903 Mama Kevin akaanzisha hospitali huko.

Lakini jambo lililoigusa kila nyumba ni Mkataba wa 1900, ulioigawa ardhi ya Buganda kwa maili za mraba, ikawa mali ya Kabaka, jamaa zake na machifu. Mkulima akabaki na kibanja juu ya ardhi ya mwingine. Sheria ya 1928 iliweka kikomo cha kodi yake. Amri ya 1975 ikaifuta milki ya mailo. Katiba ya 1995 ikairudisha. Ndiyo maana hata leo kiwanja kimoja huweza kuwa na wenyewe wawili, mwenye hati na mwenye kibanja. Askari amwekeaye mkewe akiba ya kiwanja, akamlipa mmoja tu, huenda amenunua kesi. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtaka mwenye kibanja apate kibali cha mwenye hati kabla ya kuuza, tena ampe yeye kwanza nafasi ya kununua.

Walowezi wa karibuni ni Wahabeshi na Waeritrea, waliofungua mikahawa ya injera. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, bomu lililipuka katika mmojawapo wa mikahawa hiyo. Mengine yakalipuka uwanja wa raga wa Kyadondo. Zaidi ya watu 70 walikufa. Al-Shabaab walidai kuwa ni kisasi kwa majeshi ya Uganda yaliyokwenda Somalia tangu 2007.

Wahabeshi hawakuhama. Buni bado inakaangwa Kabalagala mbele ya mgeni, na kahawa humiminwa mara tatu.