Vita vya Iringa Viliamuliwa Kwenye Vihenge

Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe wa Mkwawa, Mtwa (mtawala) wao, waliuvizia msafara wa Kijerumani wakamwua kamanda wake, Emil von Zelewski, pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Masimulizi yetu husifu ushujaa wa siku ile, na yana haki. Lakini kwa nini dola lenye viwanda vya silaha lilihitaji miaka mitatu kuifikia ngome ya Mkwawa pale Kalenga, kisha karibu minne zaidi kabla Mkwawa hajafa?

Jibu limo katika hesabu ya mpagazi. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 tu, na Iringa haikupita. Wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe. Mzigo ulibaki kichwani mwa binadamu. Tuseme mpagazi amebeba kilo 25 za nafaka, anakula kilo moja kwa siku na kutembea kilomita 20. Kutoka pwani hadi Iringa ni kama kilomita 500. Akifika, mzigo ameumaliza mwenyewe njiani. Askari hajapata hata kibaba, na safari ya kurudi bado. Risasi zingeweza kusafirishwa hivyo. Chakula cha jeshi, hapana.

Basi mvamizi alilazimika kula kwa mwenyeji, na nafaka iliyofichwa au ng'ombe aliyeswagwa porini vilimpunguzia siku za kukaa. Gavana wa Kijerumani, von Schele, aliiteka Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, kisha kikosi chake kikarudi pwani. Mkwawa alibaki na nchi yake. Ni mwaka 1896 tu ndipo ofisa wa Kijerumani Tom von Prince alipojenga boma Iringa.

Hata hapo, bunduki pekee hazikumtosha. Alihitaji wenyeji wa upande wake, akawapata kwa Merere wa Wasangu, hasimu wa zamani wa Wahehe, ambaye makao yake ya Utengule leo yako Mkoa wa Mbeya. Kisha akageukia chakula: mashamba na vijiji vikachomwa, mifugo ikatwaliwa, na zawadi ya rupia 5,000 ikatangazwa kwa kichwa cha Mtwa. Mkwawa naye aliishi kwa vihenge vilevile vya raia. Vilipoteketea, waliomlisha hawakuwa na cha kumpa. Alijiua kwa risasi Mlambalasi, 19 Julai 1898. Kwa maoni yangu, huu ndio ukweli mchungu wa vita vile: udhaifu wa mvamizi ulilipwa na mkulima.

Vita Kuu ya Kwanza ilirudia hesabu ileile. Mei 1916, Jenerali Edward Northey wa Uingereza aliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, akachukua Tukuyu, na ilipofika 29 Agosti alikuwa Iringa. Kwenye ramani ulikuwa ushindi wa haraka. Lakini nyuma yake palikuwa na Ziwa Nyasa, milima mikali, na msururu wa wapagazi waliotegemewa kwa kila gunia. Oktoba, Wajerumani wa Jenerali Wahle waliotoka Tabora walijipenyeza katikati ya vituo vyake vilivyotawanyika, naye akahangaika kuvilinda. Mbele kidogo, Ugogo, majeshi yalikuwa yamechukua nafaka na mifugo ya watu. Mvua zilipokosekana ikaja njaa kubwa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya.

Katika vita ile ya Afrika Mashariki, kumbukumbu za Waingereza wenyewe zinataja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, wengi kwa maradhi na lishe duni. Iringa kuna makaburi ya vita yenye majina ya askari. Wapagazi walio wengi hawana kaburi lenye jina popote. Kama kwenu Rungwe, Njombe au Kilolo kuna mzee anayekumbuka babu aliyechukuliwa kubeba mizigo, mkalie, mwulize jina lake na njia aliyopita, kisha uandike.