Mshairi alilipa nini?

Mwanafunzi wa sekondari hapa Mbezi Luis akiulizwa swali la ushairi, huanza na dhamira: mtunzi anapinga rushwa, anatetea wanyonge, anahimiza uadilifu. Anapata alama zake. Lakini lipo swali ambalo mtihani hauliulizi, nalo kwangu ndilo kubwa zaidi: mtunzi huyo aliyasema hayo akiwa wapi, na yalimgharimu nini?

Wachina wa kale walilijali sana. Qu Yuan, aliyeishi katika dola ya Chu takriban karne 3 kabla ya Kristo, alikuwa mshauri wa mfalme. Alichongewa, akafukuzwa barazani. Katika utungo wake mrefu, Li Sao, maua na majani yenye harufu nzuri ndiyo yanayobeba maana ya uadilifu, kwa fumbo ambalo malenga Muyaka bin Haji wa Mombasa angelitambua mara moja. Mapokeo yanasema hatimaye alijitosa katika mto Miluo. Mpaka leo anakumbukwa kwa mashindano ya mitumbwi ya joka. Tao Yuanming naye, mwaka 405, aliacha kazi ya kuongoza wilaya ya Pengze baada ya miezi isiyofika mitatu. Inasimuliwa kwamba alikataa kumwinamia mkaguzi kwa ajili ya posho ya mchele. Akarudi kijijini kulima, akaandika juu ya jembe, pombe na umaskini wake.

Wote wawili walikuwa watumishi wa serikali. Baadaye, enzi ya Tang, kutunga shairi kuliingizwa hata katika mitihani ya kuwapata maofisa. Malenga na mwenye cheo wakawa mtu mmoja, na shairi likawa mahali pa kujiuliza kama cheo hicho bado kinastahili kushikwa.

Hali hiyo si ngeni kwetu. Kaluta Amri Abedi, aliyetuachia kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alikuja kuwa meya wa Dar es Salaam, kisha waziri. Saadani Kandoro alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU. Muhammed Seif Khatib, ambaye diwani yake ya Wasakatonge imesomwa na vijana wengi shuleni, naye alishika uwaziri.

Ila ninayemweka karibu zaidi na Qu Yuan ni Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 22, aliandika kijikaratasi cha kuihoji serikali ya Jomo Kenyatta, "Kenya: Twendapi?" Alifungwa miaka 3, muda mrefu akiwa peke yake. Humo ndani alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Alipotoka mwaka 1972 alikuja Dar es Salaam, akafanya kazi Chuo Kikuu, pale Mlimani, si mbali na hapa kwetu. Mashairi yale yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata tuzo ya fasihi yenye jina la Kenyatta mwenyewe.

Gharama peke yake haimfanyi mtu kuwa malenga. Magereza yamepitiwa na watunzi wengi wabovu. Cha kushangaza kwa Abdilatif ni kwamba, katika dhiki ile, hakulegeza vina wala mizani. Watunzi wa Tang nao walijifunga: mistari 8, kila mmoja silabi 5 au 7, tena kwa mpangilio maalumu wa toni. Du Fu, mmoja wao, aliandika hivyo huku vita vilivyozuka mwaka 755 vikiisambaratisha nchi yake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema vina na mizani ni pingu. Karatasi ya mfungwa inaweza kunyang'anywa wakati wowote. Mshororo wenye mizani 8 kwa 8 na kina kilichotulia hukaa kichwani, na askari akipekua chumba hataukuta.