Fahamu: Kwa nini pedi moja ya gemu huchosha mkono na nyingine haichoshi

Microsoft ilipoingiza Xbox sokoni Marekani Novemba 2001, pedi yake ilikuwa pande la kitu, na wachezaji wakaizoea kwa jina la Duke. Mwenye vidole vifupi alilazimika kulegeza mshiko ili gumba lifikie vitufe vya mbali. Kwa soko la Japani ikaundwa pedi ndogo zaidi, Controller S. Ilipendwa hata Marekani, na haikuchukua muda ikawa ndiyo pedi ya kawaida ya mashine hiyo.

Ukubwa ni nusu tu ya habari.

Mzigo mkubwa hubebwa na gumba. Tangu DualShock ya 1997, Sony imeweka vijiti vyake viwili sambamba, upande wa chini. Xbox hukipandisha cha kushoto hadi pale gumba linapotua lenyewe. Kwa gemu ambazo kijiti hicho hakipumziki, kama za mpira, mpangilio wa Xbox una mantiki zaidi.

Lakini pedi hizo zote humtaka mchezaji awe na mikono miwili yenye nguvu, na hapo ndipo wengi walisahauliwa kwa miaka mingi. Mwaka 2018 Microsoft ilitoa Xbox Adaptive Controller: vitufe viwili vipana vya duara, na matundu 19 ya kuchomeka swichi za nje, zikiwemo za kubonyezwa kwa mguu. Sony ilifuata Desemba 2023 na Access, pedi ya mviringo inayolazwa mezani. Hata boksi la ile ya Microsoft liliwekewa vitanzi vya kuvuta, ili mwenye ulemavu wa mikono alifungue mwenyewe.